Kona za Mito ya Mama

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi za kiwandani. Watoto hawajambo? Na shemeji je, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi huku tupo. Nikisema hatujambo nitakuwa nakudanganya, na uongo ndio ulionikalisha hapa na kalamu.

Mama hali yake si nzuri. Najua kwenye simu nilikwambia koo limemkauka, ndiyo maana haongei na wewe. Koo lake zima kabisa, dada, paka anagombezwa kila asubuhi. Lakini simu yako ikilia anageukia ukutani na kunionyesha kwa mkono nikuambie amelala. Huu ni mwezi wa pili. Anakula vijiko viwili anasukuma sahani, na cherehani ameifunika shuka, hataki hata niifute vumbi.

Ilianza hivi. Yule mama wa duka la samani, mteja wetu wa miaka yote, alikuja na mito minne ya makochi mkononi. Hakuingia ndani. Aliniita mlangoni, akanibonyezea kona moja baada ya nyingine, zote tupu, zimechongoka kama masikio ya mbwa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba anamheshimu sana mama, ila wanunuzi wanacheka, na hali ikiendelea hivyo atatafuta fundi mwingine. Nilitamani ardhi ipasuke. Unamjua mama na kona zake. Si yeye aliyekuwa akituambia kwamba mto ni kona nne, katikati hata asiyeona anaweza kujaza? Siku hizi hasemi tena maneno hayo.

Tatizo ni macho. Ukungu umezidi, anashona kwa kupapasa, mshono unapitiliza mstari wa chaki, na pamba inaishia katikati. Nilidhani hajui.

Basi nikaanza ujanja. Mama akijilaza baada ya chakula cha mchana, nilibeba mito kwa fundi wa jirani, yule tunayemwita Kimya kwa sababu hafungi mdomo. Aliniazima cherehani yake kwa sharti la kusikiliza habari zake zote. Nilifumua kona na kushona upya kama mama alivyotufundisha: ukikaribia kona unauingiza mshono ndani kidogo kidogo ili isichongoke, unapunguza kitambaa kilichozidi bila kugusa uzi, unapindua na kusukuma taratibu kwa mpini wa mwiko. Kisha pamba ya kona inatangulia, donge la ukubwa wa limau, ya katikati inafuata. Zilitoka zimenona. Mama wa duka alirudi akammwagia mama sifa, na mama akashinda siku nzima anajichekea peke yake. Mimi nami nikajiona mtu wa maana.

Kosa langu lilikuwa dogo sana. Mama akifika kwenye ncha hageuzi kitambaa palepale. Hupitisha kwanza mishono miwili ya mshazari, ndipo anageuka. Mimi na haraka zangu nilikuwa nageuka moja kwa moja. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Mama aliijua kwa kidole gumba. Alikuwa anapanga mito kwenye mfuko, nikamwona amesimama, amebana kona. Akachukua wa pili, akachukua wa tatu, akaenda hivyo mpaka wa kumi na mbili. Kisha akakaa sakafuni. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa nimeanza lini. Nikamjibu kwamba nimeanza mvua zilipoanza. Akauliza ni nani aliyenituma.

Dada, nilimwambia ni wewe.

Nilisema kwamba ulipokuja likizo ulinivuta pembeni, ukaniambia kazi yake imeharibika, anatuaibisha, nizifumue kona zake asijue. Uongo mtupu. Wewe ulimuuliza tu kama hachoki, ukamwekea mto mgongoni. Lakini kwa kuwa kazi yako ni kukagua mishono kiwandani, aliamini papo hapo. Alisema kumbe ndiyo maana ulikuwa unaibinyabinya mito yake. Akasema mkaguzi akishakataa mali, imekataliwa. Hajashika sindano tangu siku hiyo. Niliogopa, dada. Mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja na kumshika mkono kwenda bafuni, nikataka hasira zake ziende kwa mtu aliye mbali. Sikujua kwamba badala ya hasira atapatwa na huzuni.

Juzi ameniagiza nikushonee mito miwili kwa mkono wangu, kwa sababu ndiyo unayoipenda. Hakusema kwa kejeli. Alisema taratibu, akanichagulia na rangi, anakumbuka kwamba hupendi njano. Nilienda kulia kwa Kimya, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikosa la kusema.

Kesho mama akishakunywa chai nitamwambia ukweli. Barua naituma leo, ili nikishikwa na woga nisiwe na pa kurudi. Akinitoa chumbani nitalala sebuleni, ni haki yangu. Sitaki uniombee msamaha. Ninachokuomba ni uje mwenyewe, usipige simu. Njoo na kitambaa, ukae mbele yake, umwambie unataka mito na unataka ashone yeye. Mimi nitamtungia uzi tu. Kona sitazigusa. Zikilegea, zilegee.

Wasalimie watoto, na shemeji mwambie nimemtania tu. Kimya anakusalimu, aliyoniagiza nikuambie hayaenei kwenye karatasi hii. Mama hajakutumia salamu, nami sitamtungia nyingine.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere