Bunduki Iliyotupwa Mtoni

Tarehe 9 Machi, mwaka wa thelathini na nane tangu nitoke nyumbani

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba. Mimi ni mzima isipokuwa goti, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Natumaini mama yako amepona kikohozi na mashine inasaga.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Unasema mafundi wa paa wameshusha bunduki ya upepo kutoka darini, pale kwenye mashine ya kusaga, imeviringishwa kwenye gunia, na kitako chake kina nyota iliyochongwa kwa kisu. Nyota hiyo niliichonga mimi. Na bunduki hiyo Baba aliitupa mtoni. Alituambia sote, mimi kwa barua, mji mzima ukamwamini. Sielewi imetokaje majini ikapanda darini.

Kisa chenyewe najua umesimuliwa vipandevipande. Nilimlenga njiwa juu ya paa la mashine, nikafyatua. Ng'ambo ya ua rafiki yangu, fundi saa, akapiga ukelele. Baba alichomoka kutoka stoo ya nyuma, akamfikia kabla yangu, akageuka na kuniambia, "Umemtoa mwenzio jicho." Ndugu za rafiki yangu walikuwa watu wakali. Jua halijazama nikawa safarini. Kazi niliyopata huku ni kukata vioo vya miwani. Watu hudhani niliichagua. Kila mwaka namtumia rafiki yangu miwani ya lile jicho lililobaki.

Lakini wewe umeniuliza habari ya darubini ya kulengea na risasi, kwa sababu njiwa na panya wanakula nafaka na kuinyea, na penye unga sumu haitiwi. Umesema kweli. Basi sikiliza.

Bunduki ya springi hupiga teke nyuma na mbele, na darubini ya kawaida hufa kwa mateke hayo. Nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki ya springi. Ukiifunga, kaza skrubu kidogo kidogo kwa kukingamisha, kama unavyokaza tairi la gari. Ning'iniza timazi, ile kamba ya waashi yenye uzito, ukutani, ulinganishe nayo mstari wa wima wa msalaba ulio ndani ya kioo. Jicho likae mbali na kioo kwa upana wa vidole vinne. Anza na hatua kumi, kisha ishirini na tano. Usisahihishe kwa risasi moja. Piga tatu, utazame zilipojikusanya, ndipo uguse vifundo vya darubini: cha juu ni cha kupanda na kushuka, cha pembeni ni cha kushoto na kulia. Bunduki yenyewe ishike kama unavyombeba kuku mgonjwa. Ukiibana, inapotoka.

Risasi zake zina kichwa, kiuno na sketi. Kuna za kichwa bapa, za duara na za ncha. Nunua kopo dogo la kila aina, mtutu utachagua wenyewe. Na nyuma ya shabaha weka sanduku la mchanga. Kilicho nyuma ya shabaha nacho ni chako.

Mjomba wako

*

2 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku hatujambo. Kikohozi cha Mama kimeondoka, kimemwachia maneno.

Darubini nimeifunga kwa timazi yako, fundi wa paa akanicheka eti najenga ukuta. Ila lile la vidole vinne nililisahau. Nilibandika jicho kabisa, teke likaja, nikapata nundu juu ya nyusi. Mama akasema, "Kaka yangu huyu hata kwa barua anaumiza watu macho!" Kisha akaziba mdomo kwa mkono. Baadaye akacheka, nami nikacheka. Usikasirike.

Sasa kuna jambo limenishangaza. Nilitegemea kukuta kutu. Hakuna. Springi inalia laini, ngozi ya ndani ni teketeke kama sikio la mbuzi. Fundi wa bunduki aliinusa akasema, "Hii imetiwa mafuta juzijuzi tu. Miaka miwili, mitatu, haizidi." Funguo za darini alikuwa nazo Babu peke yake, na Babu tumemzika mwaka juzi. Babu alikuwa anapanda ngazi ile na mgongo wake ule?

Fundi saa Chongo huja jioni kunitazama nikipiga makaratasi. Najua wewe humwiti hivyo, lakini hapa hilo ndilo jina lake na mwenyewe huitikia. Anakaa kwenye kiti cha Babu, miwani yako puani, ananifokea: "Kushoto! Mimi mwenye moja naona, wewe mwenye mawili huoni?" Anasema nikuambie urudi, wenzake wa kutaniana nao wamekwisha wote.

Risasi za kichwa bapa zinatawanyika, za ncha ndiyo usiseme. Nilipolalamika, Chongo akasema ile risasi ya jicho lake daktari alimpa, angali nayo. Ataileta mezani ili nikanunue za namna ileile. "Hiyo," anasema, "najua inafika."

Mpwa wako

*

20 Aprili, mwaka uleule wa thelathini na nane

Mpwa wangu,

Salamu, na pole ya nundu.

Utani wa rafiki yangu umenifanya niweke kalamu chini nikatembee. Nakuomba usiitie risasi ile kwenye bunduki, hata kwa kujaribu. Zangu zilikuwa za kichwa cha duara. Nunua hizo, inatosha.

Kuhusu mafuta, nakumbuka haya. Baba alikuwa na bunduki mbili. Hii ndogo alinipa mimi. Ile kubwa, ndefu, ilikuwa yake ya kunguru, na alituambia ameiuza kabla ya mkasa wangu. Alizitunza zote mbili vizuri. Lakini kutunza kitu ulichoapa umekitupa, hilo silijui ni tabia gani.

Nimenunua begi. Usimwambie mama yako bado, atapika kwa wiki nzima. Natafuta nafasi ya kuja mvua zikiisha. Hotuba yangu ya mlangoni nimeitunga siku nyingi: nitaingia kichwa chini, nimsalimie fundi saa kabla ya ndugu zangu wa damu, nikae nitakapowekwa. Namna hiyo nitaiweza.

Mjomba wako

*

30 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama barua yako na hii zitapishana njiani.

Risasi haiingii.

Chongo aliileta ndani ya ganda la saa. Kichwa kimebonyea kidogo, lakini sketi yake ni nzima. Tulikuwa mezani, yeye, Mama na mimi. Akasema, "Hebu itie, nione ilivyokaa humo kabla haijanijia." Nikakunja mtutu, nikaiweka. Ikakaa juu ya tundu kama mguu wa mtu mzima kwenye kiatu cha mtoto. Nikasukuma kwa kidole gumba. Wapi! Mama akasema labda naitia vibaya. Nikachukua moja ya kopo langu, ikazama yenyewe. Nikarudisha ya Chongo, ikakataa.

Tulikwenda hivyo hivyo kwa fundi wa bunduki, Mama bado na kanga ya jikoni. Akaipima. Mtutu wako ni milimita nne na nusu. Risasi ni tano na nusu. Akasema, "Hii haikutoka humu, na haitatoka humu hata siku ya kiyama."

Chongo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ndipo Mama akaketi sakafuni pale dukani. Akasema jioni ile wewe ulipokwisha ondoka, yeye akiwa mtoto mlangoni, alimwona Babu akienda mtoni na bunduki imeviringishwa kwenye mkeka. Mkeka ulikuwa mfupi. Mtutu ulichomoza mbele, kitako nyuma. Hii yako ndogo ingelala ndani ya mkeka ule ikabaki nafasi. "Mimi nilidhani bunduki ni bunduki," anasema. Anarudia hilo tu mpaka sasa.

Mjomba, Babu alikuwa na bunduki ngapi?

Chongo tulimsindikiza. Alipofika kwake akageuka: "Miaka yote hii nimemsamehe mtu ambaye hakunikosea. Sasa nianze upya, tena na maiti?" Kisha akafunga mlango.

Njoo, Mjomba. Hakuna kitu cha kukuzuia sasa.

Mpwa wako

*

14 Juni

Mjomba, shikamoo. Barua yako ya begi imefika, na habari ya bunduki mbili iliyokuwa ndani yake. Mvua zimekwisha. Mama amepaka chumba chako rangi. Tuandikie hata mstari mmoja.

Mpwa wako

*

17 Septemba, mwaka wa thelathini na nane

Mpwa wangu mpenzi,

Salamu kwako, kwa mama yako, na kwa rafiki yangu. Mimi ni mzima. Nimechelewa kwa sababu kila nilipokaa kuandika, nilijikuta nimeketi tu.

Stoo ya nyuma ilikuwa na dirisha dogo. Baba alipiga kunguru kutoka hapo, na dirisha lile linatazama ua wa fundi saa. Nimelijua maisha yangu yote. Njiwa wangu alikuwa juu kabisa ya paa. Risasi iliyomkosa isingeweza kushuka uani, ingevuka paa na kupotelea mtoni. Nami nakata vioo, kazi yangu ni kujua mstari unakwenda wapi. Sikuupima mstari ule hata mara moja, kwa kuwa aliyeniambia ni mimi alikuwa Baba.

Alifyatua nilipofyatua, akatupa yake, akaficha yangu ili isipimwe. Alikuwa mtu makini. Hayo naweza kuyabeba. Nisichoweza kukiweka mahali ni kitambaa cha kupakia mafuta. Mzee yule, na mgongo wake ule, kupanda ngazi mwaka baada ya mwaka na kitambaa na mafuta, kumhudumia nani? Nimekasirika hadi ninapofika kwenye kitambaa, hapo hasira inaniacha nimesimama njiani kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

Rafiki yangu anajua, na ni haki yake, jicho ni lake. Wengine usiwaambie. Mama yako hana baba mwingine. Miwani ya mwaka huu nimeituma, kioo nimekiongeza nguvu kidogo. Mwambie hii ndiyo ya kwanza ninayomtumia kwa urafiki mtupu, aone kama ina tofauti.

Skrubu za darubini zikague kila ukimaliza kopo. Sanduku la mchanga usiliondoe.

Begi nimempa jirani. Nilikuwa nimejifunza kuingia kwa mlango ule nikiwa mkosaji. Nikiingia kama niliyekosewa, kila mtu pale atageuka kulitazama kaburi la Baba, na mama yako atakuwa amesimama katikati. Asante kwa rangi ya chumba. Kakae wewe humo, dirisha lake lina mwanga mzuri asubuhi.

Sitarudi.

Mjomba wako