Nimelalamika Redioni

Dada yangu Mama Otieno wa Kitengela,

Uko mzima? Kisiwa hiki cha Karibi kiko na joto kama Magadi. Achieng anafanya kazi vizuri, lakini hajui jirani hata mmoja, na mimi naogopa. Akiugua, nani atajua?

Jana akiwa kazini nikapigia redio simu nimtumie salamu, vile tunafanyanga huko kwetu. Mtangazaji akacheka: “Mama, hiki ni kipindi cha kulalamikia simu mbovu!”

Nikamwambia, “Basi nalalamika. Msichana wangu Achieng, nesi, anakaa nyuma ya posta na hakuna mtu anamsalimia.”

Achieng akarudi amenuna. “Mum, wodi nzima imesikia!” Kabla amalize kunigombeza, majirani watatu wakabisha na samaki wa kukaanga. Sahani zao nimekataa kurudisha. Achieng atazipeleka mwenyewe.

Vaa sweta, huko ni baridi. Nakupenda sana.

Mama Achieng