Usiuze Nyumba ya Canje Kwanza

Mtaa wa Crane,
Schenectady, New York.
8 Novemba, 2009.

Mpendwa Shangazi Sumintra,

Nakugusa miguu kwa mbali, nikiomba mkono wako wa baraka unifikie huku kwenye baridi. Hujambo wewe? Magoti yanasemaje msimu huu? Na kile kifua, umekwenda kwa daktari huko New Amsterdam kama tulivyokubaliana, au bado unakipaka mafuta ya nazi na kukidanganya? Sisi ni wazima. Mume wangu Bisram mgongo unamsumbua tangu alipopanda juu ya paa kuziba palipovuja, lakini hataki kulala, anazunguka nyumba nzima akinung'unika.

Najua mvua za huko zinakaribia. Naomba mtaro wa mbele uwe umezibuliwa na bata wako wawe mahali pa juu. Mwaka jana uliniambia umewaokoa wote, kumbe ulimpoteza yule mweupe ukaona haya kusema. Nilisikia kwa watu.

Diwali ilipita salama. Taa tulizipanga barazani, upepo ukazizima, tukaziwasha, ukazizima tena, mpaka Bisram akazitia ndani ya chupa za jamu. Zilipendeza hivyo hivyo. Hata Wataliani wa mtaani walisimama kutazama.

Sasa Shangazi, kaa vizuri. Mwanao Heera alinipigia simu wiki iliyopita. Aliniomba nikuandikie kwamba nimekiona chumba chako, ni kizuri, kiko tayari, na kwamba usichelewe kutia sahihi ili yule mwenye mashine ya mpunga achukue nyumba yako ya Canje kabla ya Krismasi. Anajua unaiamini barua yangu kuliko simu yake. Barua nimeandika kweli, ila siyo ile aliyoniagiza.

Najua utakavyosema: Chandrowtie huyo, ameanza. Sikatai. Bisram mwenyewe ananiita polisi. Mwaka tuliohamia hapa, Mama Nunzia, yule mjane wa Kitaliani wa nyumba ya pili, alituletea bilinganya za bustani yake, nami nikazipasua moja moja kutazama kama ndani kuna kitu. Leo ni rafiki yangu na bado ananicheka. Lakini safari hii machale yamenicheza, na sababu ninazo.

Mambo yalianzia kwenye ukumbi wa kanisa la Wataliani, mwezi wa tisa. Alikuja bwana mmoja wa chuo kikuu aliyechunguza Wataliani wa mji huu na sisi Wagayana, kutulinganisha. Wao walikuja na nini, sisi tumekuja na nini. Wao walishika kazi gani kiwandani, sisi tunashika zipi hospitalini na madukani. Watoto wa nani wamesoma zaidi, nani kapata nyumba mapema. Nilikaa nyuma nikajiuliza, mbona tunapimwa huyu kwa yule kama ng'ombe mnadani? Nani ananunua?

Bwana yule alitusifu sana. Alisema Wataliani walipofika walichekwa kwa vitunguu saumu vyao, na wajukuu wao leo ni mawakili wenye bustani kule Niskayuna kwa wenye fedha. Nasi tulipofika tulipewa nyumba zilizoachwa zikioza, tukazisimamisha kwa mikono yetu. "Walichokifanya Wataliani kwa vizazi vitatu," akasema, "Wagayana wanakifanya kwa kimoja." Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mimi nilishika mkoba wangu. Mtu akinivika kilemba cha ukoka mbele ya jirani yangu, huwa nahisi kuna anachokitafuta.

Kisha akasema tofauti moja kubwa ni kwamba wazee wa Kitaliani sasa wanaishi peke yao, au wamepelekwa kwenye nyumba za wazee, wakati Wagayana bado wanakaa na wazazi wao. Ndipo Heera akasimama pale mstari wa mbele, na suti yake ya buluu, bila kuitwa. Akasema mama yake anakuja baridi ikiisha, atakaa kwake, na amemjengea jiko lake mwenyewe. Shangazi, walimpigia makofi mpaka nikaona akina mama wa Kitaliani wakifuta machozi. Moyo wangu ulijaa, sitakuficha. Nilikuona wewe.

Mama Nunzia alikuwa kando yangu, hakupiga makofi. Aliniinamia.

"Jiko lake mwenyewe? Liko wapi?"

"Chini, kwenye orofa ya chini."

"Mmm."

"Mmm nini, Mama Nunzia?"

"Mmm tu, binti. Mtu mzee haruhusiwi kupumua?"

Ile mmm ilinikaa kooni wiki nzima. Jumamosi nikamchukua, tukaenda Niskayuna kwa Heera bila kupiga hodi ya simu kwanza.

Nitakueleza nilichokiona bila kupunguza wala kuongeza. Chumba ni kizuri. Sakafu ya vigae, kitanda kipana, picha ya Mama Lakshmi ukutani, joto la kutosha, choo karibu ili magoti yasikutese. Jiko ni jipya, linang'aa. Niligonga kuta, nikafungua mabomba, nikanusa kona zote kutafuta unyevu. Sikupata kitu. Nilianza kujionea aibu, nikawaza labda kweli nina ugonjwa huu wa kushuku.

Mama Nunzia alisimama katikati ya jiko, mikono kwenye koti.

"Viti vingine viko wapi?"

Nikatazama. Palikuwa na meza ndogo na kiti kimoja.

"Anayekaa hapa ni mtu mmoja, Mama Nunzia," Heera akasema akitabasamu.

"Na nyinyi?"

"Sisi tunakula juu. Watoto wana masomo, mke wangu Savi anachelewa kazini, kila mtu na saa yake."

"Basi mama akipika, chakula kinapanda juu?"

Heera akacheka, akanionyesha feni kubwa juu ya jiko. "Ndiyo maana nimeweka hii. Mama akikaanga bizari zake, harufu inatoka nje moja kwa moja, sebuleni haifiki. Wewe Dada Chandro unaujua mchuzi wa mama. Na wenzangu wa kazini wanakuja hapa kila Ijumaa."

"Huo mchuzi ndio uliokunenepesha, Heera."

"Aa, Dada, usianze mambo yako. Mama anapenda chini. Maisha yake yote amekaa chini ya nyumba, au uongo?"

Hapo ndipo palipouma, Shangazi, kwa sababu na wewe uliniambia hivyo hivyo kwenye simu, ukiwa na furaha: Heera ameniwekea chini, kama nyumbani. Najua unachokiona ukifumba macho. Unaona nguzo zilizoinua nyumba, bembea, jiko la udongo, mkweo anachambua mchele, watoto na madaftari yao, na kila apitaye barabarani anapaza sauti kukuuliza umepika nini. Juu kwenu ni pa kulala tu, na pa kuweka viti vya wageni vilivyofunikwa plastiki. Chini ndiko nyumba iliko.

Huku chini ni ndani ya ardhi. Kuna dirisha moja dogo juu ukutani, na ukitazama nje unaona majani ya bustani, na baridi ikija ni theluji. Hapana apitaye. Nilisimama pale nikasikiliza, na juu nikasikia nyayo za watoto wa Heera, na kicheko, na televisheni. Wanasikika vizuri sana. Hawaonekani.

Tuliporudi, Mama Nunzia hakutaka kushuka kwangu. Alinipeleka kwake moja kwa moja, chini. Miaka yote hii sikuwahi kufika huko. Pana jiko kuukuu na meza ndefu, viti vya kila aina vimebanana, vingine vya mbao, vingine vya bati, kimoja kimefungwa kamba. Alisema mama yake alipika hapo na ukoo mzima ulikula hapo, na jiko la juu liling'arishwa tu kwa ajili ya padri. Nikasema, mbona ni kama kwetu! Akasema ndiyo, ndiyo maana alikwenda kwa Rocco bila wasiwasi.

Rocco ni mwanawe. Mama Nunzia alipofiwa na mumewe, Rocco alimhamishia Niskayuna, akamjengea chini jiko la marumaru. Kiti chake kilikuwa cha ngozi, alisema, kizuri kuliko vyote alivyowahi kukalia. Kila jioni Rocco alisimama kwenye ngazi akauliza, "Ma, uko sawa?" Naye alijibu yuko sawa. Ngazi ya mwisho Rocco hakuifikia. Mama Nunzia alivumilia baridi moja, halafu akarudi hapa, kwa sababu nyumba yake ilikuwa bado haijauzwa. Wakati huo nyumba za mtaa huu hazikutakwa na mtu.

"Ningepata mnunuzi," akaniambia, "mpaka leo ningekuwa kule chini."

"Rocco ana roho mbaya hivyo?"

"Rocco? Rocco ni mtoto mzuri. Angekuwa mbaya ningempigia kelele, mambo yangekwisha. Mtoto mzuri utamwambia nini?"

Basi nikamkumbuka yule bwana wa chuo. Alisema kweli kuliko alivyojua mwenyewe. Wataliani iliwachukua vizazi vitatu kumfikisha mama kwenye kiti kimoja. Sisi tumeshafika.

Lakini unanijua. Nikamgeukia na Mama Nunzia. Kwa nini ananiambia haya? Labda ana kijicho kwamba Mgayana amenunua nyumba karibu na mwanawe. Labda anaogopa nikishapata shangazi yangu karibu sitakwenda tena kwake kunywa kahawa. Nikamuuliza waziwazi, wewe unapata nini katika hili? Akasema, "Ningemshauri hivi mama yangu." Nikaosha vikombe.

Kwa Heera nataka nitende haki. Hajakutupa. Dawa zako anatuma, simu kila Jumapili anapiga, na chumba kile amekijenga kwa jasho lake, vigae amepanga mwenyewe kwa magoti. Anakupenda. Sidhani hata anajua alichokijenga. Ila namshuku, na nikianza kushuku siwezi kulala, kwa hiyo nilimjaribu.

Jumapili iliyopita nilimpelekea zawadi ya viti vinne kutoka kwetu, vile vya mbao alivyotengeneza Bisram. Nikavishusha chini mwenyewe nikavizungusha kwenye ile meza. Savi akanishukuru sana, akanipa mkate wa ndizi. Jana nikarudi kumrudishia sahani. Nikashuka chini nikijifanya nataka kunawa mikono. Kiti kilikuwa kimoja. Viti vya Bisram nilivikuta gereji, nyuma ya mashine ya kukatia majani. Savi alisema vilikuwa vinaziba njia ya kufikia mashine ya kufulia. Inawezekana. Mashine kweli iko pale. Nilipima njia kwa macho, na mimi naona vilikuwa vinatosha.

Nilimwambia Bisram, akasema niwaache watu na nyumba yao. Labda. Lakini nyumba ya Canje siyo yao, ni yako, na ikishachukuliwa na mwenye mashine ya mpunga hakuna wa kukurudishia. Ukichoka na baridi utarudi wapi?

Kwa hiyo nakuomba, usitie sahihi. Njoo kwanza kutembea, baridi ikiisha, kama mgeni mwenye tiketi ya kurudi. Kaa kwa Heera, kaa na kwetu. Chumba tulicho nacho kiko juu na ngazi ni za tabu, lakini Bisram amesema atakubeba, na kelele zake utazisikia wewe. Wale bata umwachie Kaka Mohanlall.

Heera atakupigia Jumapili, kama kawaida yake, kukuuliza habari za nyumba. Usimgombeze, wala usimwambie nimeandika haya. Muulize jambo moja tu: "Nikipika, mwanangu, nani atashuka kula na mimi?" Kisha nyamaza. Ninakujua, mtoto akikwama kidogo tu wewe unamtafunia jibu unamwekea mdomoni. Safari hii usimsaidie hata kidogo. Akijibu upesi, uza nyumba uje, na mimi nitawaomba radhi nyote wawili mbele ya watu. Akinyamaza, sikiliza vizuri unyamavu wake, Shangazi, maana ndio utakaokaa nao kule chini.

Naomba Mungu niwe nimekosea. Sijawahi kuomba hivyo kwa jambo lolote.

Nisalimie Kaka Mohanlall na mkewe, Bibi Inez wa ng'ambo ya mtaro, na pandit wa hekaluni ukimwona. Watoto wanakubusu mikono. Bhagwan akulinde na mvua, akulainishie magoti, akupe watu wengi wa kula nao.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,

Chandrowtie.