Meza ya Mama Siku ya Wafu

Kaka Hermógenes mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi yetu. U mzima? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tunapumua. Baba anakohoa kidogo, lakini ulimi wake haujaugua hata siku moja.

Unamkumbuka Daktari Ximena, mtafiti wa nyumba zetu za duara? Alikuja msichana, leo ana mvi, na usomi wake wote ni kupima kuta zetu, kamba zetu na vikapu vyetu. Baba humtania kwamba ameolewa na nyasi za paa. Basi juzi alirudi, na safari hii hakupima kitu. Aliizunguka nyumba ya marehemu mama kimyakimya. Tulipomkaribisha majani ya koka, aliyashika mkononi asitafune. Unajua mwenyewe, anayekataa kutafuna ana neno analoficha.

Nikapita nyuma ya nyumba. Lo! Matofali yote ya udongo yametiwa alama za chokaa, kutoka chini hadi paani. Nikamkimbilia baba, nikamwambia huyu mwanamke anatuloga. Baba akaja kutazama, akaniita mjinga, akauliza mchawi gani anaandika namba. Anayeandika namba, akasema, anataka kubomoa akajenge kwingine.

Nilimfuata Daktari nimefura. Nikamwambia shukrani ya punda ni mateke, tumemlisha miaka yote kumbe anaipigia hesabu nyumba yetu. Akalia, kaka, mtu mzima yule. Akasema alama ni za watu wa makumbusho, waliokuja tulipokwenda kuchunga lama. Wanataka kuihamishia mjini nyumba nzima, waisimamishe ukumbini. Walimtaka awasimamie, akakataa, akaja kutuonya. Mdomo ukamwia mzito, kwa sababu ruhusa imetolewa na kifungua mimba wa nyumba hii.

Kifungua mimba ni wewe.

Alama nimezifuta. Baba ananiuliza kila siku ni nani aliyetuuza, nami namjibu sijui. Roho inaniuma, kaka. Siku ya Wafu imekaribia, roho zirudi nyumbani kula, na mama anaijua njia moja tu. Basi njoo mwenyewe. Oka mkate wake, tandika meza, na roho yake ikiingia adhuhuri, umweleze kwa kinywa chako mwakani akale wapi.

Wasalimie wote hapo. Baba anakusalimu sana. Jana alikuwa akikusifu kwa majirani.

Mdogo wako,
Casilda