Jiwe Lililoanguka Shambani kwa Mama

Maganzo, Kishapu,
17 Novemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Ngassa,

Marahaba, maana najua shikamoo iko mdomoni. Hujambo, na hiyo baridi ya Ujerumani? Sisi ni wazima, ila mimi sina raha. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba ni ndogo na Mama hapaswi kusikia haya. Barua anakuletea Padri Valerian.

Ni lile jiwe jeusi lililoanguka shambani kutoka angani. Nilifanya ulivyoniagiza: sikuligusa kwa mkono, sikuliosha, nikalifunga kwenye foili. Nikawaeleza wote hapa kwamba mawe ya namna hiyo huweza kubeba kemikali ambazo uhai hujengwa nazo, na ukilipima huko maabara kwako ukazikuta humo bila uchafu wa duniani, utajua kwamba hata huko mbali uhai ungepata pa kuanzia.

Shemeji yako Makoye akasema jiwe ni jiwe. Unawajua wachimbaji wa Mwakitolyo: jiwe zito jeusi sharti lisagwe, lioshwe, lionekane kama lina dhahabu. Jana akaja na wenzake na nyundo. Nilisimama mlangoni kuwazuia. Niliogopa, Ngassa, sikufichi.

Mama akatoka jikoni, akalipakata jiwe. "Mwanangu amesema humu mna chanzo cha uhai," akamwambia Makoye. "Basi hii ni mbegu. Kwenu mlishatwanga mbegu?"

Wote ni watoto wa wakulima. Mbegu haitwangwi hata njaa ikibisha hodi. Makoye akashusha nyundo. Nami nilikumbuka ulivyonieleza, kwamba kemikali hizo si mbegu, hazina uhai wowote, ni kama matofali kabla ya nyumba. Lakini sikumsahihisha Mama.

Leo asubuhi nimeikuta foili jalalani. Mama amelifukia jiwe kwenye chungu cha majivu ya samadi, pamoja na mbegu za mtama, lisiingiliwe na wadudu.

Je, ndani kabisa pamebaki kitu safi? Unijibu mimi peke yangu. Makoye akijua limeharibika, nyundo itarudi. Na Mama akijua kwamba aliyeliharibu ni yeye, sijui nitamtazamaje usoni.

Msalimie mkeo Salome na Benjamini. Shangazi Rhoda anakukumbuka. Mungu akutunze huko ugenini. Mama naye anakusalimu sana, anauliza utakuja lini mlipande, maana mvua zimeshaanza.

Dada yako akupendaye siku zote,
Limi