Mama, Nimeliona Lango la Mjane

Kwako Mama, binti wa Kegonga uliyelala kaburini Kosele,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa tukiongea mimi na wewe. Wewe Mkuria, Baba Mjaluo, na sisi watoto mkatulea kwa lugha mliyokutana nayo sokoni. Nyanya alipokuja kututembelea alilalamika kwamba nyumba hii inaongea kama ofisi ya chifu. Ulicheka tu, ukamvutia kiti.

Nimerudi kutoka China, Mama. Najua ungepiga makofi kisha uulize kama huko wanakula ugali. Hawali. Kikundi chetu cha wafugaji samaki cha Homa Bay kilipata nafasi ya mafunzo, na wenzangu wakanichagua niende. Hatukukaa mjini. Tulikaa mashambani kabisa, mahali ambapo mabwawa ya samaki yamechimbwa kando ya mpunga na wazee wanaamka mapema kulisha bata. Siku moja ya mapumziko, mkalimani wetu, msichana mpole aitwaye Lin, akatupeleka kutembea kijiji cha jirani. Ndiko nilikoliona lango ninalotaka kukuambia habari zake.

Limesimama peke yake katikati ya mashamba yenye maua ya manjano. Nguzo nne za mawe, ndefu kupita nyumba, na juu yake mawe mengine yamelazwa, yamechongwa ndege na maua. Hakuna ukuta, hakuna ua, hakuna mlango wa kufunga. Njia ya miguu inapita chini yake, na watu wanapita na majembe na pikipiki zao bila hata kuangalia juu. Nikamuuliza Lin lango hilo ni la nini.

"Ni la mjane," akasema. "Zamani sana. Mume wake alikufa yeye akiwa bado msichana. Hakuolewa tena. Alimlea mtoto wake, akamtunza mama mkwe mpaka uzeeni. Mfalme akaamuru wamjengee hili."

Mama, nilikaa pale pale kwenye nyasi nikalia mbele ya wageni na wenyeji. Nilikuwa nimekuona wewe.

Nilikuona siku ile baada ya mazishi ya Baba, wazee wa ukoo wamejaa sebuleni kwetu na wewe umesimama mlangoni na sufuria ya chai. Walikuambia kwamba mdogo wake Baba, Baba Mdogo Ochola, ndiye atakayekurithi, kama desturi inavyotaka. Yeye alikuwa amekaa pembeni, kofia yake magotini, macho chini. Wewe uliweka sufuria sakafuni taratibu.

"Huyu ni ndugu yangu," ukasema. "Nimempikia tangu akivaa kaptura. Ndugu hamrithi dada yake."

Mzee mmoja akakujibu kwamba kama ni hivyo, njia ya kwenu Kegonga unaijua, na watoto uwaache.

"Kwetu ni hapa nilipomzika mume wangu," ukasema. "Siendi, na watoto hawaendi."

Nilikuwa msichana mdogo, lakini sauti yako ya siku ile ninaisikia hata sasa. Haikuwa kali. Ilikuwa kama ya mtu anayeeleza bei.

Baada ya hapo hakuna mwanamume wa ukoo aliyegusa nyumba yetu, maana nyumba ya mjane asiyerithiwa haiguswi. Paa likavuja. Msimu wa mvua tulihamisha vitanda kutoka kona hadi kona. Msimu wa kulima ukaja, na wewe ukawafunga ng'ombe plau mwenyewe, ukawaimbia Kikuria ili watembee, na watu wakasimama barabarani kutazama mwanamke anavyolima. Nilipokuuliza kama huoni haya, ulinijibu bila kusimama:

"Ng'ombe hawajui kama nimerithiwa."

Basi pale chini ya lango nililia kwa furaha na kwa uchungu. Nilijiambia, kumbe iko nchi ambako mwanamke kama mama yangu alijengewa mawe haya yote, na wangu mimi aliachiwa paa linalovuja.

Bibi mmoja mzee aliyekuwa akichuma mboga shambani akatukaribia, akamuuliza Lin kwa nini mgeni analia. Nikamwambia Lin habari zako, naye akamweleza. Bibi yule akazungumza maneno mengi, na Lin akayatafsiri polepole.

"Anasema nyanya yake alizaliwa katika ukoo uliojenga lango hili. Nyanya alikuwa akisema kila mtu analisifu lango, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza yule mwanamke alitaka nini. Mjane akiolewa tena, ukoo uliaibika. Asipoolewa, ukoo ulipata sifa. Hata jina lake halimo. Limeandikwa jina la ukoo wa mume na la ukoo wa baba yake, basi."

Nikainuka nikatazama juu. Lin akanionyesha maandishi kwa kidole. Ilikuwa kweli.

Bibi akauliza wewe uliitwa nani.

"Boke," nikasema.

"Bo-ke," akajaribu. Akalirudia mpaka likakaa vizuri mdomoni mwake, kisha akanipa fungu la mboga na kurudi shambani.

Njia nzima ya kurudi niliwaza. Yule walimkataza kuolewa, wewe walikukataza kubaki ulivyo. Tofauti ni kubwa, lakini hakuna kati yenu aliyeulizwa. Ila wewe ulijibu bila kuulizwa, Mama. Nikaacha kukutamania mawe.

Nilipofika nyumbani nilikuta msiba. Ouma, mtoto wa Baba Mdogo Ochola, alikuwa ameugua kwa muda mfupi akafariki, na walikuwa wameshamzika. Mke wake, Atieno, ni mdogo bado, na watoto wake hawajaanza shule. Wazee walikuwa wameitwa boma la Baba Mdogo, na kila mtu alijua ni kwa ajili gani.

Nilitangulia kwenda kumpa pole Baba Mdogo. Amezeeka sana, anatembea kwa fimbo. Sikujua la kusema, nikamwonyesha picha ya lango kwenye simu na kumsimulia yote, mpaka maneno ya yule bibi. Aliisogeza simu karibu na macho yake.

"Nyathina," akaniita kwa Kijaluo, yaani mtoto wangu, "mimi pia sikutaka."

Sikumwelewa.

"Nilikuwa na mke wangu na nilimpenda. Wazee walisema nikikataa nitawaletea watoto wangu chira, laana ya kuwaua mmoja mmoja. Nikanyamaza. Mama yako aliposema huyu ni ndugu yangu, moyo wangu ulipumua. Nilitaka kumshukuru, nikaogopa."

"Na paa letu, Baba Mdogo? Mbona hukuligusa?"

"Ningeligusa, wangesema nimemrithi kwa siri. Ningemharibia neno lake." Akafuta macho kwa mkono. "Lakini ningeweza kumwambia asante. Hiyo haikuhitaji ngazi."

Mkutano ulipoanza, mzee mmoja alikuwa tayari amemtaja mdogo wa Ouma kuwa ndiye atakayemrithi Atieno. Baba Mdogo akajiinua kwa fimbo yake.

"Kabla hujamaliza," akasema. "Atieno, mwanangu. Wewe unataka nini?"

Atieno alikuwa akimimina chai. Aligeuka kutazama nyuma yake, kana kwamba kuna Atieno mwingine. Akaweka birika chini.

"Nataka mniache nimlilie mume wangu kwanza," akasema. "Mengine nitawaambia nikimaliza."

Wengine waliguna. Mmoja akachukua kofia yake akaondoka. Lakini Baba Mdogo alisema, "Umesikika, mwanangu," akakaa, na mkutano ukaishia hapo.

Bado analia, Mama. Asubuhi analima, mchana analia, na juzi ameniuliza kama bwawa la samaki linaweza kuchimbwa kwenye udongo wa bondeni kwake. Tutakwenda kuupima. Sijui atachagua nini mwishowe, kubaki peke yake au kuolewa na mtu ampendaye. Najua tu kwamba ni yeye atakayetuambia.

Miaka yote hii nilidhani siku ile sebuleni ulisimama peke yako. Sasa najua mlikuwa wawili mliotaka jambo moja, na mmoja tu ndiye aliyeweza kulisema.

Lala vizuri, Mama Boke. Huku tumo, tunalima.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.