Ua Lako la Krismasi Limenigomea

Dada Minza,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini naandika nikiwa na hasira, na kukufokea bila salamu hukuwahi kunikubalia hata siku moja.

Ua lako limeniaibisha. Lile la Krismasi, la kwenye kopo la rangi, ambalo kila Desemba majani yake ya juu yalikuwa mekundu kama pilipili, mpaka wageni wanayagusa wakidhani ni plastiki. Siku ya arobaini yako, wenzangu waligombania vitenge na sufuria. Mimi nikasimama, nikasema nipeni ua. Mwanao Kabula akakataa, eti la mama analibeba mwenyewe kwenda Magu. Nikamwambia mbele ya ukoo mzima: "Mjomba wako ndiye aliyemfundisha mama yako kutunza maua. Krismasi ukilikuta si jekundu, chukua."

Usinitazame hivyo. Nilikuwa na majonzi.

Na nilipambana, dada! Mimi niliyemkemea kiboko pale ufukweni akarudi majini kinyumenyume, nishindwe na kopo la rangi? Nililiweka sebuleni, mahali pa heshima, kando ya televisheni. Nikalinunulia taa nyeupe, kali, nikaining'iniza juu yake, ikawaka kutwa kucha. Maana wewe tulikuacha gizani kule juu kwenye mawe, tukafukia, tukarudi nyumbani kula wali. Nikaapa ua lako halitakaa gizani hata dakika moja. Umeme ukikatika nilikuwa naliwashia tochi ya simu.

Likanenepa. Likatoa majani kama mchicha uliokunywa mbolea. Novemba, kijani. Desemba, kijani. Nililibembeleza, nikalitukana, nikalionyesha panga. Siku moja kabla ya Krismasi nikachukua rangi ya kucha ya wifi yako. Majani mawili nilishapaka kabla hajaninyang'anya kichupa. Sikufichi.

Kabula akaja. Hakuangalia ua, aliangalia taa.

"Mjomba, boksi la mama liko wapi?"

Boksi lile la televisheni niliyokuletea mimi! Televisheni yenyewe ukaiacha ipigwe vumbi, ukalitukuza boksi. Nikamjibu lilikuja pamoja na ua, sasa kuku anaatamia humo. Basi akacheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni, halafu nikaona mabega yanatikisika na sauti ya kicheko haipo tena. Akasema kila mwaka kuanzia Oktoba ulikuwa unalifunika jua likizama na kulifunua asubuhi, wiki kwa wiki, kwa sababu ua lile bila giza refu haliwi jekundu. Hata taa ya jirani ikilichungulia dirishani linagoma.

Dada, kwa nini hukuniambia? Miaka yote nilikuwa nakuja kwako Ilemela, nakukuta na boksi lako, nakucheka: "Umeliweka mahabusu, limemwibia nani?" Na wewe bila hata kugeuka: "Liache lilale." Liache lilale! Hayo ndiyo maelezo? Mtu anakufa na elimu yote, anawaachia watu maneno mawili?

Na huyu mwanao. Nilipomfokea kwa nini alinyamaza tangu arobaini, akanijibu, "Mjomba, si ulisema wewe ndiye uliyemfundisha mama?" Mdomo ameurithi kwako.

Nilidhani ndiyo basi. Alibeba kopo, akafika nalo mlangoni. Mimi nikajifanya natafuta viatu, nisimwone akitoka. Hapo ndipo alipoyaona yale majani mawili niliyoyapaka. Akayatazama, akanitazama, akalirudisha mezani taratibu kama mtoto aliyelala.

"Nakupa mpaka Pasaka," akasema.

Kuku amehamishwa, kwa vita. Makovu yapo mkononi, nitakuonyesha tukikutana. Taa nimeing'oa. Mchana ua linakaa dirishani, linaota jua. Lakini jioni ile ya kwanza, nimelishika boksi juu yake, mikono ikakataa kushuka. Niliona nakufukia mara ya pili. Nilisimama pale mpaka wifi yako akauliza kama nimenaswa na umeme. Nikafunika. Nikatafuta neno la kusema, mimi nisiyekosa maneno, nikakosa. Nikasema lako. Lala.

Tangu siku hiyo nafunika kila jioni. Televisheni nayo nimeihamishia chumbani, watu wananuna.

Leo asubuhi nimefunua. Jani la juu kabisa, bado changa, limepata wekundu pembeni, kiasi cha ukucha wa mtoto mchanga. Nimelisugua kwa kidole chenye mate. Halikutoka. Dada, halikutoka!

Nikachukua simu nimpigie Kabula. Niupigie ukoo mzima, wa mjini na wa Magu. Kisha nikaiweka chini. Kutwa nzima sijamwambia mtu yeyote. Mimi, dada. Neno limekaa mdomoni kama kiazi cha moto, na sijalitema.

Nakuahidi sitalitema. Kabula atakuja Pasaka alione mwenyewe, na ukoo ukiuliza nani alinifundisha, nitakutaja wewe, kwa sauti ileile niliyosimama nayo kwenye arobaini yako. Hasira zangu bado zipo, usidhani zimekwisha. Ungeniambia tu, ningekaa kimya nikakusikiliza. Sawa, nisingekaa kimya. Lakini ungeniambia.

Jua linashuka sasa, naona boksi linanisubiri. Naenda kufunika.

Lala, dada yangu.

Mdogo wako,
Masanja